Hodi ya Baba Yake

Kitabu cha binti yetu alikileta baba yake mwenyewe kutoka Korogwe, siku aliyopeleka machungwa sokoni. Kilikuwa cha watoto, jalada limechanika, kinasimulia jitu lisilo na uso linalozunguka majumbani mchana kweupe, wakubwa wakiwa shambani. Jitu hilo hupiga hodi kwa sauti ya mtu unayempenda. Mtoto akiitika karibu tu, nyumba si yake tena. Nilisema hicho si kitabu cha kumsomea mtoto wa darasa la pili. Wakanicheka wote wawili.

Walikuwa wanasoma barazani kabla ya magharibi, mimi nikichambua mboga. Mume wangu akifika kwenye maneno ya lile jitu, aliikwaruza sauti kooni, kavu, kama jembe linaloburutwa kwenye changarawe. Binti yetu alijificha ndani ya kanga yangu, akatetemeka kweli, halafu akaomba arudiwe. Nikawaona hawana akili.

Kisha lile koo likaanza kuuma. Zahanati walisema mafindofindo. Korogwe wakasema aende Dar, na huko Dar wakampasua. Masika yote tulikuwa hospitalini, mtoto tumemwacha kwa mama mkwe wangu. Mwishowe daktari alinivuta pembeni, akaniambia nimrudishe kijijini Sindeni akae na watu wake. Nilielewa kwamba hatapona.

Tulifika mchana, kila mmoja na bodaboda yake. Mume wangu alijikongoja mpaka mlangoni, amekonda, shingo imefungwa bandeji, akapiga hodi. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya jitu, na safari hii hakuwa anaigiza. Mtoto alikimbilia chumbani kwake, akashusha pazia.

Nilidhani yataisha kesho yake. Hayakuisha. Kila siku baba wa watu alijishika ukutani mpaka kwenye lile pazia, akapiga hodi, na ndani kimya. Nilimwambia aingie tu, nyumba ni yake, tofali kafyatua mwenyewe. Akakataa. Alisema akiingia bila kukaribishwa, basi kwa mtoto atakuwa ndilo lile jitu kweli.

Mimi nilichanganyikiwa. Nilimbembeleza mtoto, nikamfokea, nikamchapa, nikalia kuliko yeye. Kitabu nilikitia kwenye mafiga kikaungua mpaka jalada, lakini alishakimeza chote. Mama mkwe akasema mtoto akimkataa baba mgonjwa hiyo ni ishara, aitwe shehe amsomee dua. Nikamjibu kwamba wa kusomewa dua ni mimi, na hilo si jibu la kumpa mkwe. Lakini ningefanyaje? Mume wangu alikuwa anashindwa hata kumeza mate, siku zinatuponyoka, na mwanawe wa pekee anamwogopa kutoka nyuma ya kipande cha kitenge. Nilimwona akilini akifa bila kukumbatiwa na mtoto wake. Hilo lilinikosesha usingizi kuliko ugonjwa wenyewe.

Siku moja nilikuwa nakoroga uji wake. Hodi ilipigwa kama kawaida, na safari hii mtoto akajibu.

"Kama ni wewe, sema kwa sauti yako."

Niliacha kukoroga. Mume wangu alijishusha polepole mpaka akakaa sakafuni.

"Ile imeisha, mama," akasema. Alimwita mama kwa sababu mtoto alirithi jina la mama mkwe wangu. "Imebaki hii."

Pazia likasogea. Mtoto alitoka bila kusema karibu, akasimama mbele yake, akaitazama ile bandeji kwa muda. Akauliza kama na hii nayo itaisha. Baba yake hakumdanganya, akaitikia kwa kichwa.

"Basi usiongee," mtoto akamwambia, na akamkalia mapajani. "Tuitunze."

Wakawa hivyo mpaka mwisho, wanaelewana kwa vidole na macho, wanacheka bila sauti. Nilimshukuru Mungu, na moyo ukiniuma. Maana mimi nami nilikuwa na ya kwangu, ya mke kwa mume, na nilitaka aniachie maneno ya kuishi nayo. Kila alipofungua mdomo ili anijibu, mtoto aliuziba kwa kiganja na kunitazama kwa ukali. Sikuweza kuutoa ule mkono. Maneno yangu amezikwa nayo.