Kifo Alichokiazima Marcellin

Jione umekaa nyumbani kwako Kadutu, mvua imekatika sasa hivi, na kijana mmoja anapanda kwako kwa shida, maana viatu vyake vya biro, vya ofisini, havikufanywa kwa matope yetu. Abakosi, koti lake la heshima, ameifunga hadi shingoni. Anaamkia watoto, kisha maman, kisha papa. Huyo ndiye Marcellin, ana mwezi mmoja tu katika kazi ya kuuza asiransi, yaani bima ya maisha, na amekuja kukuomba ufikirie siku utakayokufa.

Sasa niambie, neno kama hilo linaanziwa wapi? Kwetu mgeni hasemi "ukikufa" ndani ya nyumba ya watu. Mahali pa kwanza alipolisema, maman mwenye nyumba alimnyang'anya kiti kabla hajamaliza.

"Eh, kijana! Nani amekutuma uniletee kifo? Toka na mukosi yako!"

Mkubwa wake wa kazi, papa Edouard, alicheka hadi akakohoa. "Usimuuwe mwenye nyumba, petit. Tafuta mutu mwenye alisha kufa. Ule hatakufukuza."

Marcellin akatafuta, akampata Gaston, shofere ambaye kamiyo yake ilianguka kwenye kona za Ngomo, ikitoka Luvungi na mchele. Bukavu nzima ilijua habari ile. Marcellin hakuwahi kumwona Gaston hata siku moja, lakini alianza kwa adabu: "Munakumbuka ule shofere wa Ngomo? Ameacha watoto hivi hivi." Watu wakasikitika. Chai ikaletwa.

Kidogo kidogo hadithi ikanenepa. Akasema alikuwa amemtembelea Gaston kwake, kumshauri. Halafu akaona kwamba wanaume walikuwa wanakubali, lakini wake zao wanakataa, wakitaka pesa ya asiransi inunue kwanza kitu cha nyumbani. Basi akamtia na mke wa Gaston ndani.

"Nilikuwa pale, maman. Gaston alishika bic mu mukono, aandike jina yake. Bibi yake akamukatalia: ninunulie kwanza kitenge! Mwezi haukuisha, kamiyo ikaanguka."

Wake wa watu wakainamisha macho, waume wakatia sahihi. Papa Edouard akamsifu mbele ya biro yote kwamba kijana ameijua kazi. Na kweli alikuwa ameijua. Alijua hata pa kunyamaza kabla ya neno "kitenge".

Siku moja akaja bironi mtu mrefu, kofia mkononi. Alikuwa Alphonse, kaka mkubwa wa Gaston.

"Ni wewe njo uliongeaka na marehemu mudogo yangu? Asante sana. Siku ya Mungu, kisha misa, tunatosha kilio, tunamaliza matanga. Utakuja kusema mbele ya famille namna ule mwanamuke alikataza. Hawezi kubakia mu nyumba ya mudogo yangu."

Marcellin alitaka kusema ukweli palepale. Papa Edouard alikuwa kwenye meza ya jirani, akisikiliza. Akajibu, "Nitafika, papa."

Siku ya Mungu alimwona Adolphine, mjane wa Gaston, kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, mtoto mgongoni, akimtazama kama unavyomtazama mganga kabla hajakuambia ugonjwa.

"Sema," Alphonse akamwambia.

"Sikufikaka kwa Gaston," Marcellin akasema. "Sikumujuaka. Ile yote nilitunga mwenyewe."

Kisha shangazi wa marehemu, maman Eulalie, akapiga makofi.

"Weye! Kwangu Nyawera si ulisema ulikuwa pale? Hata rangi ya kitenge ulituambia!"

"Nilidanganya, maman."

"Haiwezekane. Mutu hawezi kulia hivyo mu uongo. Tulilia sote!"

Watu wakacheka. Alphonse hakucheka. "Ule mwanamuke amekupatia nini ugeuke?"

Aliyemsadiki alikuwa mmoja tu. Adolphine alisimama, akamfikia karibu kabisa.

"Papa, mimi na wewe tulionanaka wapi?"

"Hatukuonanaka, maman. Leo njo mara ya kwanza."

"Na wewe ulikuwa unanisemesha mu nyumba za watu."

"Unisamehe."

Adolphine akakaza kitambaa cha mtoto, akakaa tena mkekani. Juma lile akarudi kwa wazazi wake Mudaka pamoja na watoto. Alphonse akaweka kufuli nyingine mlangoni mwa nyumba ya Gaston.

Marcellin akaamua kuzunguka nyumba zote alizosimulia, awaambie ukweli, labda maneno yatarudi kwa Alphonse kutoka kwa watu atakaowaamini. Akaanza kwa maman Valérie, aliyemsikiliza hadi mwisho, mkono shavuni.

"Kumbe. Na asiransi yenyewe iko uongo?"

"Hapana, maman. Asiransi iko kweli."

"Na sisi, siku bwana yangu atakufa, utaenda kuongea habari yetu mu nyumba ya nani?"

Marcellin akaaga. Akashuka hadi barabarani, akasimama, jasho likimtoka ndani ya ile abakosi. Nyumba iliyofuata ilikuwa palepale ng'ambo, na mwenyewe alikuwa ameshamwona, anampungia mkono aingie, anaita mke wake atoe kiti.

Ndugu yangu, ungekuwa wewe, ungeingia?