Saini Iliyonyooka

Mahakamani mawakili wenzake walimwita Hebu Rudia, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akimwacha shahidi amalize maneno yake, anavua miwani, kisha anasema kwa upole, "Hebu rudia." Shahidi akibadili hata neno moja, kwisha habari yake. Siku moja alimrudisha mzee mmoja mlinzi mara saba, mpaka mzee wa watu akachanganyikiwa na kuonekana mwongo mbele ya hakimu. Hebu Rudia alishinda kesi. Baadaye akaja kujua kwamba mlinzi alisema kweli tangu mara ya kwanza. Hapo ndipo alipoachana na kesi, akahamia kwenye mikataba ya biashara, upangishaji wa maduka na mauzo ya viwanja. Karatasi, alijiambia, hata ukiibana hailii.

Lakini jasiri haachi asili. Mikataba aliisoma kuanzia ukurasa wa mwisho, maana mwizi, alivyosema, huingilia mlango wa nyuma. Mihuri aliipima kwa rula. Karani wake alikuwa akitania kwamba bosi akipewa kadi ya harusi, ataomba kwanza amhoji bibi harusi.

Ndipo mdogo wake wa kiume, anayeishi na mama yao, alipoingia ofisini na hati ya uhamisho. Nyumba ya mama, sasa iwe yake.

"Dada, ipitishie macho tu kabla sijaipeleka ofisi ya ardhi."

Dada akaanzia mwisho. Saini ya mama ilikuwa imenyooka, haina hata mkwaruzo. Mama ambaye tangu apate kiharusi hawezi kushika kikombe bila kumwaga chai! Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama alisaini lini?"

"Jumanne. Mbele ya yule wakili wa mtaa wa pili."

"Hebu rudia."

Mdogo wake alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Mimi si shahidi wako, dada."

"Kama umeighushi, polisi nakupeleka mwenyewe. Twende kwa mama."

Walimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda. Binti yake akamwekea hati mapajani. "Mama, hii saini ni yako?"

Mama aliingiza mkono chini ya godoro, akapapasa, akatoa kalenda ya mwaka jana. Nyuma ya kila karatasi palijaa jina lake. Nyuma ya Januari lilitetemeka na kukatikakatika. Kufika Desemba lilikuwa limesimama wima.

"Wiki tatu najifunza kwenye karatasi hizi," alisema. "Mwenzako ndiye anayenibeba kwenda chooni. Nilitaka apate nyumba bila maneno. Nilijua nikisaini na mkono wangu huu mbovu, utasema saini si yangu."

Aibu ilimpanda binti mpaka masikioni. Alitaka kupiga magoti, amwombe radhi mama, amwombe na mdogo wake aliyesimama mlangoni. Lakini mkono wake ulikwisha kuichukua kalenda na kuisogeza kwenye mwanga wa dirisha, alinganishe wino.

Mama alimwona.

"Hebu rudia, mwanangu," alisema. "Angalia tena."