Mama Povu Agoma Kuhama

Wenzake kiwandani walimpachika jina la Mama Povu, naye akalipokea kwa kicheko, maana kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kutafuta sabuni ya unga itakayotoa povu kwenye maji magumu ya visima, yanayokata povu kabla shati halijalowa. Alikuwa mkemia wa kampuni ya kigeni, mwenye maabara ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda, ambako harufu ya manukato na magadi ilimng'ang'ania hadi nyumbani.

Mchanganyiko ulipoanza kukubali, makao makuu ng'ambo yakatoa amri: maabara ifungwe, utafiti uhamie kwao, na yeye aufuate. Mkurugenzi wa utafiti alimweleza hayo kwenye kikao cha video, akitabasamu kama mtoa zawadi.

"Na maji je?" Mama Povu akauliza.

"Tutayatengeneza huku. Ni kuongeza chumvi tu."

"Bosi, mlishajaribu. Sabuni yenu ilitoa povu huko, huku ikaacha nguo zina utando mweupe. Maji ya kisima hubadilika na mvua. Na wafuaji nao mtawatengeneza?"

Mtu mmoja kule alicheka, kisha akajikohoza. Mkurugenzi hakucheka. "Uamuzi umeshapita."

"Basi umepita bila mimi. Siendi, na funguo sitoi."

Nyumbani dada yake alishika kichwa. "Mwenzangu, watu wanalilia safari hiyo! Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Siukati, dada. Nauzuia usinikabe."

Makao makuu yakamnyima vifaa. Akabeba beseni na unga uliobaki, akaenda kwa kina mama wanaofulia watu nyuma ya kiwanda, akafua nao mpaka vidole vikachubuka. Wao ndio waliomwambia unga wake unawasha ngozi; akarudi, akaurekebisha.

Meneja wa kiwanda, aliyewaogopa wakubwa kama mtoto anavyoogopa sindano, akamjia juu. "Unanitia matatani!"

"Uko matatani tayari. Ghala limejaa sabuni yao isiyonunuliwa."

Hilo lilimwingia. Kikao kilichofuata, meneja akawaambia wakubwa kwamba bila maabara hatapika unga mwingine.

Makao makuu yakalegeza kamba, shingo upande: maabara ibaki, chumba kimoja tu. Sabuni ikatoka, ikauzika. Lakini hataza, hati ya kumiliki uvumbuzi wa mchanganyiko huo, ikaandikwa kwa jina la mkurugenzi.

Mama Povu amelipinga hilo kila kikao. Wakimzimia kipaza sauti, anapiga simu. Hajashinda bado, wala hajanyamaza.