Kukaza na Kulegeza

Mama yangu alikuwa bingwa wa kufunga tumbo. Kila asubuhi alitoka kwake Kasha kwa miguu, akavuka vizuizi viwili vya wanajeshi, akapanda na kushuka vilima mpaka kwangu Nyalukemba, fungu la majani ya mkalitusi kwapani. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, na kwetu mwanamke akishajifungua, tumbo lake si lake tena, ni la mama yake. Alinikanda kwa taulo lililochovywa katika maji ya moto, mimi nikilia, yeye akinikemea. Kisha alichukua kitenge, akakikunja kwa urefu, akaniwekea goti ubavuni na kukaza mpaka nikaona nyota. Tumbo lazima lirudi mgongoni, ndivyo alivyosema. Wanawake wa mtaa waliokuja kuniona walimsifu yeye kwa ufungaji wake kuliko walivyonisifu mimi kwa mtoto.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili nchini kwetu. Wiki niliyojifungua, risasi zilifunga njia, nikakaa na uchungu nyumbani siku mbili kabla ya kufika hospitali. Mtoto alitoka mzima, tukamshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile mkojo haukunisikiliza. Nikikohoa, unatoka. Nikiinuka ghafla na mtoto, unatoka. Nilivaa matambara, nikayafua mapema kabla mama hajafika, nikamwambia mume wangu kwamba ni nepi. Mimi mwalimu wa sekondari, niliyezoea kusimama mbele ya darasa zima bila wasiwasi, nilikuwa naogopa kikohozi.

Tena aibu haikuwa kubwa kuliko hofu. Karibu na mlango wetu, kama katika nyumba nyingi mjini, kulikuwa na furushi lililofungwa tayari: nguo, sufuria, chumvi, vitambulisho. Siku yoyote tungeweza kulazimika kukimbia, na nilijua kukimbia ni nini. Katika vita vya kwanza tulitoka mjini kwa miguu kuelekea Walungu, na mama alibaki nyuma njia nzima. Kila baada ya kilima alituomba tumsubiri. Mwishowe nilimfokea mbele ya watu, nikamwambia atatuua sote kwa uvivu wake. Sasa mimi nilijiuliza nitakimbiaje na mtoto mgongoni, ikiwa siwezi hata kushuka ngazi za nyumba yangu bila kulowana.

Nilipompeleka mtoto kupimwa uzito, muuguzi mmoja aliona ninavyokaa upande upande, akanituma chumba cha mwisho, kwa mama mmoja aliyefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Sisi tunawaita kiné. Nilidhani kazi yao ni miguu iliyovunjika tu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye viatu vya kiume na mikono ya baridi. Alinisikiliza habari ya mkojo, akafungua kitenge cha mama, akakitazama, karibu acheke.

"Maman, unafunga tumbo sawa muzigo," akasema. "Ukikaza sana huku yulu, kila kitu inasukumwa chini. Na kule chini njo kwenye kulichoka."

Akanifundisha. Nilale chali, magoti juu, nivute pumzi. Nikiitoa, nikaze kule chini kana kwamba nazuia mkojo, nihesabu mpaka tano, kisha nilegeze na kupumzika. Nisibane pumzi. Nifanye hivyo mara tatu kwa siku, kwa miezi, na kila siku nitembee kidogo zaidi ya jana. Kitenge nikifunge cha kushikilia tu.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama. Mtu aliyevuka vizuizi viwili kwa ajili yako, humwambii kwamba kazi yake inakuharibu. Kwa hiyo nikafanya ujanja. Akishaondoka, nalegeza kitenge. Kesho yake kabla hajafika, nakaza. Mazoezi nayo nikayaficha ndani ya rozari. Nilikuwa nikipoteza hesabu kila mtoto alipolia, ndipo nikagundua kwamba Salamu Maria moja inatosha: nusu ya kwanza nakaza, nusu ya pili nalegeza. Punje kumi, halafu napumzika kwenye Baba Yetu. Kama ni dhambi, sikumuuliza padri.

Mama akaniona na rozari asubuhi, akaniona nayo tena adhuhuri, akafurahi mno. Miaka yote alikuwa akilalamika kwamba masomo yamenipunguzia imani. Akaenda kunisifu katika shirika lake, ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja, akisema vita vimemrudisha mwanawe kwa Mungu. Niliona haya, lakini niliendelea. Baada ya majuma kadhaa nilikohoa jikoni na hakuna kilichotokea. Nikakohoa tena kwa makusudi. Nililia mbele ya sufuria ya maharagwe.

Furaha ikanisahaulisha. Kesho yake mama aliwahi kufika, akakuta kitenge kinaning'inia kiunoni.

"Nani alilegeza ii kikwembe?"

Nikamwambia ni mimi, na kwamba nimekuwa nikikilegeza siku nyingi. Akaanza kukusanya majani yake. Akasema basi vilima vyote vile alivipanda bure. Yeye aliyezaa watoto tisa hajui kitu, wanaojua ni watu wa hospitali. Nami nina hasira za karibu. Nikaropoka yote: mkojo, matambara, kiné, mpaka rozari. Nilipofika kwenye rozari nilidhani atanipiga. Badala yake akakaa chini, majani mapajani.

"Na ile maneno ya mukojo," akauliza, "inaponaka?"

"Inapona, maman. Yangu iko inapona."

Mtoto akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza mama hakunyoosha mkono kumchukua.

"Mie niliwazaka iko vile kwa kila mwanamuke mwenye alizala," akasema. "Tangu mutoto wa tatu. Ile siku ya Walungu, nilikuwa naingia mu shamba ya ndizi juu ya kubadirisha kikwembe yenye ililowana. Weye ulikuwa na haraka."

Nimesema mambo mengi maishani ambayo ningependa kuyameza, lakini lile la njia ya Walungu ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akaniambia niamke, mtoto analia. Baadaye, akiwa anaosha taulo na bila kunitazama, akauliza kama mazoezi yale yanamfaa mtu wa umri wake. Nikampeleka kwa kiné. Alituambia yanafaa, ila itachukua muda mrefu, na huenda tatizo lisiishe lote.

Miezi ilipita. Siku moja ya sala nilimfunga mtoto mgongoni, nikatembea kutoka Nyalukemba mpaka Kasha kusali na shirika la mama. Nilifika mkavu. Miaka yote mama alikaa karibu na mlango katika sala hizo, na mimi nilidhani ni unyenyekevu. Siku hiyo nilimkuta katikati ya mkeka, kabanwa na majirani pande zote. Wanawake walinikaribisha kama mtakatifu, wakanipa kiti, nikakikataa.

Rozari ikaanza. Nilimtazama mama kupitia mabega ya watu. Nusu ya kwanza ya kila Salamu Maria aliisali bila sauti, uso umekunjamana kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ikifika nusu ya pili, sauti yake ilirudi, kubwa kuliko za wote. Nikafumba macho, nikakaza pamoja naye.