Antena ya Gari Uani kwa Mama

Kazi yangu ni ya kompyuta. Nawahudumia wateja wa kampuni moja ya Dar es Salaam kwa video, na picha ikiganda kidogo tu, mteja ananiona mzembe. Kwa hiyo kila nilipokwenda kwa mama yangu, kule Muleba, nilikwenda Jumapili asubuhi na jioni nikarudi Kahororo ninakoishi. Tangu baba afariki mama anakaa peke yake. Nikiwasha gari kuondoka alikuwa ananiuliza swali moja tu: "Hulali?" Nami nilimjibu, "Kazi, mama."

Nyumba yake imekaa bondeni, migomba imeizunguka pande zote, na bati linamalizia ubaya. Ndani unapata mtandao wa kusema haloo, basi. Fundi mmoja wa redio pale Hamugembe ndiye aliyenifungua macho. Alikichunguza kile kipezi kilicho juu ya paa la gari langu, akashusha kidogo dari ya ndani ya gari, akaniambia mle ndani kuna antena mbili: ya redio, na nyingine ya simu ambayo waya wake umelala bila kazi tangu gari litoke Japani. Akauchomeka kwenye modemu yenye tundu la antena. Nikajaribu njiani, sehemu ambazo huwa nasahau kama nina simu, picha ikatulia. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, nikampigia mama simu kumwambia kwamba safari hii nakuja kulala wiki nzima. Alicheka mpaka akakohoa.

Nilipofika niliegesha gari uani, kwenye mwanya kati ya migomba, na mtandao ukaja wote. Shida ilikuwa moja. Waya ulikuwa mfupi, modemu ilibaki ndani ya gari, na kuta za nyumba hazikupitisha kitu. Nikaona si neno, ofisi itakuwa garini. Nikapandisha vioo ili wateja wasisikie majogoo, nikavaa hedifoni, nikaanza kazi, asubuhi mpaka jua kuzama. Chai niliinywea humo. Mchana mama aliniletea ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, nikala huku sahani imeegemea usukani. Jioni niliingia ndani nimechoka, nikasema nimeshiba, nikalala. Wanasema mwenda kwao si mtumwa, lakini mimi nilikwenda kwetu na utumwa wangu nimeupakia kwenye gari.

Siku ya tatu wanajumuiya walikuja kusali rozari. Walipita kandokando ya gari wakinisalimu kwa mikono, nami nikawapungia. Walipomaliza, mama mmoja jirani, rafiki wa mama wa siku nyingi, aliinama akanichungulia. Kioo nilikuwa nimekishusha kidogo kwa sababu ya joto, kwa hiyo nilisikia.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimwambia mama.

"Huyu hata kuingia hajaingia," mama akajibu. "Jembe nitampa wapi?"

Wakacheka wote. Mama naye alicheka, ila alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Walipoondoka, akaja. Alikuwa bado na kitenge chake cha kanisani, na mkononi ameshika kikapu kidogo chenye akamwani, ile kahawa ya kutafuna. Kwetu hiyo anapewa mgeni, na mwenyeji hutafuna kwanza ili mgeni asiwe na wasiwasi. Mtoto wa nyumba hapewi namna hiyo, anajichotea mwenyewe. Mama alisimama dirishani, akanisalimu kwa Kihaya ile salamu ndefu ya wageni, akatia punje mdomoni, akatafuna, kisha akaninyooshea kikapu. Nilidhani ananitania. Nilipomtazama usoni, hakuwa anatania.

Kwenye skrini mteja alikuwa ananisubiri. "Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Samahani," nikasema, "kuna mtu hapa dirishani. Anaondoka sasa hivi."

Mama Kiswahili anakijua vizuri. Aliurudisha mkono, akakiweka kikapu juu ya boneti taratibu kama kinaweza kuvunjika, akageuka akaingia ndani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na gari lenyewe, na antena yake. Nimemwita mtu. Mwanamke aliyenizaa, uani kwake, nimemwita mtu, tena nikamwahidi mgeni wa Dar kwamba anaondoka. Na linalonitia aibu kuliko yote ni kwamba sikutoka hapo hapo. Nilimaliza mazungumzo, nikamtakia mteja siku njema, ndipo nikafungua mlango.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikachuchumaa, nikachukua kisu kingine, nikamenya naye. Mwishowe nikasema, "Mama, nisamehe. Nazima ile mitambo. Siku zilizobaki sifanyi kazi."

"Usizime, mwana wange. Ndiyo kazi yako hiyo, ndiyo inayokulisha." Hakuwa na hasira hata kidogo. Ningefurahi kama angekuwa nayo. Alitia ndizi kwenye maji, akachukua nyingine, akasema, "Kesho wewe rudi tu Kahororo. Ukiwa kule, nikikuita kwenye simu unaitika."