Baroni Aliyenihamishia Jeddah

Sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sitasingizia kwamba nilijaribu. Alikuwa Mskoti, mkuu wa idara ya historia katika shule ya binafsi kaskazini mwa Riyadh, karibu na majumba ya Al-Malqa walikokaa wanafunzi wetu. Mimi nilitoka Mombasa kwa mkataba wa kufundisha. Nilipomwita "mwalimu", alinitazama kana kwamba nimemkanyaga.

"Hapa naitwa Baroni," alisema. "Wenye adabu huniita Mtukufu."

Muhula huo akaniamuru nifundishe vyeo vya Uskoti. Nikafundisha. Niliwaeleza watoto jinsi machifu wakubwa wa kale walivyogeuzwa kuwa makabaila waitwao maeli, wakaja wengine, madyuki, juu yao, na chini yao mabwana wa bunge. Bunge lao lilipounganishwa na la Uingereza, wakubwa hao walilazimika kuchaguana, wachache tu wakaenda kuketi London. Baroni wa Uskoti hakuwa hata miongoni mwao. Alikuwa na ardhi, mahakama yake, na ruhusa ya kunyonga watu.

Watoto walipenda kunyonga.

"Baroni wetu naye anaweza kuninyonga?" akauliza msichana mmoja aliyekuwa hanyamazi.

"Hapana, haki hiyo ilifutwa zamani. Siku hizi hata ardhi si lazima. Sheria imetenganisha cheo na shamba, mtu anaweza kuuziwa cheo kitupu."

"Kwa hiyo yeye alinunua?"

"Kamuulize mwenyewe."

Akaenda kumuuliza, tena siku ya wazazi, baba yake akiwa kando. Baba mtu alicheka mpaka akafuta machozi.

Niliitwa ofisini kabla wazazi hawajaondoka.

"Umewafundisha watoto kunidharau," alisema Mskoti.

"Nimefundisha somo ulilonipa."

"Unajua mimi ni mtoto wa nani?" Aliinuka kitini. "Wazee wangu walifukuzwa kwenye vibanda vyao na bwana mwenye ardhi. Alitaka malisho ya kondoo. Paa lilitiwa moto bibi kizee angali ndani, wakamtoa mbio. Leo cheo cha bwana yule ninacho mimi!"

Mtu mwingine angemwonea huruma. Mimi nilizidi kumchukia.

"Kwa hiyo umelipia kiti cha aliyewachoma," nikamwambia, "na sasa unataka sisi tuinamishe vichwa."

"Toka."

Muhula haujaisha nikaambiwa nimehamishiwa tawi la Jeddah. Ikama yangu, kibali cha kukaa nchini, ilikuwa mikononi mwa shule, na shule ndiyo kafili, mdhamini wangu kisheria. Ningekataa, ningepanda ndege ya kurudi kwetu. Nikafunga sanduku.

Jeddah nilipokewa na mama mdogo, binamu ya mama yangu, mtaa wa Al-Mahjar. Wazazi wake walikimbia Unguja baada ya mapinduzi, wakambeba angali mchanga. Jioni ya kwanza nilimsimulia habari za Baroni, nikitaraji tutacheka pamoja. Hakucheka.

"Mtu akitaka kuitwa mkubwa, si umwite tu? Unapungukiwa nini?" alisema akinimiminia chai. "Sisi kwetu watu walitupigia magoti. Leo mwanangu anabeba mizigo ya watu sokoni Balad, lakini asili haifutiki. Binti yangu ameposwa na kijana mzuri, anasali, ana kazi. Nimekataa. Bibi yake alikuwa mtumwa wa watu."

"Na bibi yake baba yangu, mama mdogo?"

Alijua. Ukoo mzima ulijua kwamba naye alikuwa mtumwa, ndiyo maana harusi ya wazazi wangu haikuhudhuriwa na yeyote wa upande wa mama. Akakoroga sukari kikombeni.

"Wewe ni wetu," alisema. "Wewe tumekusamehe."

Kusamehewa! Baroni hakuwahi kunitukana hivyo. Nilimaliza chai yangu, kwani nilikuwa nikila chakula chake. Wiki ile ile nilipata chumba kwa Wakenya wenzangu mtaa wa pili, nikahama mchana kweupe, majirani wakitazama. Binti yake ndiye aliyenisaidia kushusha sanduku ngazini. Mama yake alisimama mlangoni, akauliza kama nimesahau kitu.

"Sijasahau," nikamwambia.