Zamu ya Marehemu

Dada yangu hakuwa mtu wa benki. Akaunti alikuwa nayo kwa sababu mshahara wa hapa ughaibuni haulipwi mkononi, lakini kilichobaki baada ya bili alikipeleka kwenye upatu wa akina mama, ambao Wakongo wanauita likelemba. Walikutana mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya ibada, nyuma ya duka moja la barabara ya Chaussée de Wavre. Kila mama anatoa, mmoja anapokea, hadi mzunguko uishe. Hakuna kinachoandikwa. Mwenye duka, mama wa Lubumbashi anayeuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu, ndiye mama wa upatu, na hesabu yote anayo kichwani.

Dada alizoea kuomba zamu ya mwisho. Alisema ukipokea mwisho unapokea umeshamaliza kulia. Safari hii alifariki mzunguko ukiwa umebakiza miezi miwili.

Wosia wake ulinitaja mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Niliishia darasa la saba, na Kifaransa changu ni cha jikoni ninakofanya kazi. Lakini binti yake alikuwa bado chuoni, na upande huu wa dunia hatukuwa na ndugu mwingine.

Notari, ndiye mwanasheria anayeshughulikia mirathi hapa, alikuwa na ofisi mtaa wa Auderghem. Alikuwa mwanamke mpole, akisema taratibu ili nimfuate. Fleti ya dada, iliyoko mtaa wa Schaerbeek, ingekwenda kwa binti. Ila kulikuwa na kodi ya mirathi, nayo ina tarehe yake. Akaunti ya marehemu ilikuwa imefungwa hadi karatasi zikamilike. Benki ingeweza kuifungua kwa ajili ya mazishi na kodi tu, na mazishi yalikuwa yameimaliza.

"Mkikosa pesa ya kodi," alisema, "huenda mkalazimika kuuza fleti."

Mpwa wangu, aliyekaa kando yangu, alizaliwa katika fleti ile. Aliangalia dirishani.

Kisha notari akauliza kama kuna mtu yeyote aliyekuwa anadaiwa na marehemu. Nikamweleza upatu. Nilihisi kiatu cha mpwa wangu kikinigonga chini ya meza, lakini nilikuwa nimeshaanza. Notari alisikiliza hadi mwisho, akasema basi hilo ni deni, litaingia kwenye tamko la mirathi, na anayedaiwa aandike mistari michache kulikiri.

Kwenye kituo cha tramu mpwa wangu alisema, "Mjomba, ungepokea zamu ya mama, ukalipa kodi, yakaisha. Nani angejua?"

"Tamko lile litakuwa na sahihi yangu, mwanangu. Litasema nimetaja vyote."

"Na wakiogopa, wakasema hakuna upatu? Utawapeleka wapi, huna hata kikaratasi?"

Tramu ikaja, tukapanda, kila mmoja akashika nguzo yake.

Siku iliyofuata nilikwenda dukani. Nilipomaliza kueleza, mama wa upatu hakuinua macho kwenye samaki aliokuwa akiwapanga.

"Bon, tonton. Kwetu muntu akikufa, tunalia. Kwenu munaenda kumuchongea kwa Leta?" Leta ni serikali.

"Sikumchongea mtu, mama. Niliulizwa, nikajibu."

"Hata mwizi anaulizwaka. Anajibu?"

Mama mmoja aliyekuwa akichagua bamia alicheka. "Huyu angekuwa mwizi, wangemufunga siku ya kwanza." Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini jina yangu isionekane kule. Niko na dossier yangu ya kuomba kukaa huku, sitaki maswali."

Hawa ndio waliomwosha dada yangu na kumvalisha kitenge chake. Ndio waliopika siku zote za msiba, wakalala sakafuni pamoja na mpwa wangu. Nilisimama mbele yao kama mtu aliyekuja kuwadai chakula walichonipa.

"Basi nitamwambia notari hamtaandika," nikasema. "Ila siwezi kumwambia upatu haupo."

Nikageuka kuondoka.

"Kaa," alisema mama wa upatu. Akanisogezea kreti ya soda. "Ile karatasi inauliza nini, alors?"

"Nani anadaiwa na dada."

"Na wewe unaona ni nani?"

"Ninyi nyote."

"Hapana. Kuko mama moja alipokea zamu yake, akakimbilia Ufaransa, nani alilipa?" Wa bamia akainamia bamia zake. "Ni miye. Likelemba iko na mama yake. Muntu akianguka, miye njo nalipa. Donc, deni iko yangu. Hawa wengine hawamo."

Nilikaa nikilifikiria hilo. Lilinifurahisha upesi mno, nikaogopa.

"Mama, hiyo ni kweli, au unanisaidia?"

"Yote mbili. Inakatazwa?"

Akafuta mikono kwenye aproni, akaomba kalamu.

Zamu ya dada ilipofika, akina mama walikaa nyuma ya duka kama kawaida. Mama wa upatu alisema, "Sasa zamu ya marehemu," na kila mmoja akatoa. Wa bamia naye alitoa, ingawa hakunitazama. Kesho yake mwenye duka aliituma pesa yote kwa notari kupitia benki yake. Kodi ikalipwa kabla ya tarehe. Fleti haikuuzwa, mpwa wangu anaishi humo, na masanduku ya mama yake bado hayajafunguliwa. Simharakishi.

Mzunguko mpya ulipoanza nilipita kuwashukuru. Mama wa upatu aliniuliza kama niwekwe kwenye nafasi ya dada.

"Huyu?" alisema wa bamia. "Atatuandikisha sote kwa Leta, hadi na watoto."

Walicheka, na mimi nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu makaburini. Nikatoa mchango wangu wa kwanza. Waliponiuliza nataka zamu ipi, nikaomba ya mwisho.